Je, wajua kwa nini bia chungu huzidisha ukali wa pilipili?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa bia baridi ni dawa ya pilipili, na kwamba kadiri inavyokuwa chungu ndivyo inavyofaa zaidi. Nikiagiza mishkaki iliyopakwa pilipili mbuzi, pembeni huwa na IPA, ile bia yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, nikitegemea uchungu uukate ukali. Nilikosea, na kosa hili ni la wengi.

Mzizi wake ni kuuhesabu ukali wa pilipili kuwa ladha. Si ladha. Kapsaisini, kiini cha ukali huo, haipiti njia ya utamu wala uchungu. Hugusa neva za maumivu, zilezile zinazotuambia chai bado inaunguza.

Fikiria mlango ambao kitasa chake hufunguka kwa joto. Joto likifika karibu nyuzi 43, mlango hufunguka na ubongo hupata habari: moto! Kapsaisini ni ufunguo bandia. Huingia kitasani, na mlango ukafunguka hata kama nyama imeshapoa. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba alkoholi nayo hukilegeza kitasa hichohicho, kikafunguka kwenye nyuzi 34 hivi. Mwili wa mtu mzima wa afya una nyuzi 37! Ndiyo maana spiriti huunguza kidonda ingawa chupa yenyewe ni ya baridi. Majaribio hayo yalifanywa kwenye seli na wanyama, si kwa watu waliokaa mezani, kwa hiyo hayatoshi kupimia funda moja la bia.

Na ubaridi? Hukifunga kitasa kwa muda mfupi tu. Ukishameza, mdomo hupata joto tena na ufunguo bado umo. Maji hayauondoi, maana kapsaisini hushikana na mafuta, na bia kwa sehemu kubwa ni maji. Mtindi hufaulu kwa sababu kaseini yake, yaani protini ya maziwa, huibeba kapsaisini kama sabuni inavyobeba grisi.

Uchungu wa IPA unatokana na unga wa manjano unaonata ndani ya ua la hopsi. Ukichemshwa, asidi zake hubadilika umbo na kuwa chungu, uchungu unaoganda nyuma ya ulimi. Ulimi unaowaka ukiongezewa huo, kero huwa mbili.

Chakula kinachoifaa bia hii ni cha chumvi na mafuta. Jaribu mwenyewe: onja funda, lamba chembe chache za chumvi, onja tena. Uchungu hurudi nyuma, na harufu ya balungi iliyokuwa imefunikwa hujitokeza. Harufu hiyo ni ya hopsi kama Cascade, iliyotolewa Oregon, Marekani, mwaka 1972, na mimi bado hunishangaza kwamba ua linaweza kunukia tunda hivyo. Sambusa, chipsi na kuku wa kukaanga vinafaa sana. Changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu ndiye bora kuliko vyote kwangu, maana ndimu na balungi ni ndugu.

Mishkaki yangu siku hizi ni ya chumvi na ndimu. Pilipili hukaa kwenye kisahani chake, karibu na bakuli la mtindi.