Kabla ya kuchagua kifaa cha kusomea, fungua mafaili yako

Mimi ni mkutubi, na watu wanaotaka kununua kifaa cha kusomea vitabu huja kuniuliza kipi ni bora. Kabla sijataja jina lolote, naomba wanionyeshe walichohifadhi kwenye simu: vitabu, ripoti, mihadhara, magazeti. Jibu limo humo. Mwanafunzi ambaye simu yake imejaa PDF za chuo na mtu anayemaliza riwaya kila wiki hawafai kununua kitu kimoja, hata kama fedha walizonazo ni sawa.

Kwanza kioo chenyewe, kwa sababu ndicho kinachokitenga kifaa hiki na kishikwambi. Kioo hicho hutumia wino wa kielektroniki, uliotokana na utafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno, na kila kimoja kina chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda juu na nyingine hushuka. Umeme ukikatwa, zinabaki palepale. Ndiyo maana ukurasa uliotulia hauli betri. Kioo hiki pia hutegemea mwanga unaokiangukia, kwa hiyo jua la saa saba mchana, lile linaloifanya simu isisomeke, hapa huyatoa maandishi vizuri zaidi. Kasoro yake ni kwamba hubadilika polepole. Ukitaka video au kurasa za mtandao za kuteremsha kwa kidole, kifaa hiki hakikufai.

Sasa PDF, ambako watu wengi hupoteza fedha zao. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 (hupimwa kutoka pembe hadi pembe), ambacho ndicho cha bei nafuu, kina upana wa sentimita 9 hivi. PDF haijipangi upya kufuata kioo, bali ukurasa mzima hupunguzwa kama picha. Herufi za ukubwa wa 12 zinashuka hadi kama 5, sawa na yale maelezo yaliyobanwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Ukikilaza kifaa ukasoma nusu ukurasa kwa zamu, unapata kama 7, na kwa mada ya kurasa 20 hiyo inavumilika. Kwa tasnifu nzima, hapana. Kioo cha inchi 10.3 hukupa kama 9, na hapo macho yanatulia. Kile cha inchi 13.3 kinakaribia A4 yenyewe, ila bei yake ni ya kompyuta mpakato.

Wengine huniambia watazigeuza PDF zao kuwa EPUB, aina ya faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kufuata kioo, kwa programu ya kompyuta iitwayo Calibre. Naipenda sana Calibre, ni ya bure na naitumia kazini. Lakini PDF iliyotokana na kurasa zilizopigwa skani ni picha tupu, haina maandishi ya kugeuzwa. Zile zenye safu mbili, majedwali na tanbihi hutoka zimevurugika. Kwa hiyo kama usomaji wako ni wa chuo au wa sheria, nunua kioo kikubwa, au baki na kishikwambi ulichonacho mpaka uwe na uwezo.

Msomaji wa riwaya ana raha zaidi, lakini kuna jambo linalowahusu wasomaji wa Kiswahili ambalo wahakiki wa vifaa hivi hawaligusi: urefu wa maneno yetu. Kitenzi kimoja kama “hawatatushughulikia” kinakula nusu ya mstari. Ukikuza herufi kwenye inchi 6, mstari hubeba maneno matatu au manne tu, na kifaa kikiunyoosha pande zote mbili huacha mapengo meupe katikati. Nenda kwenye mipangilio uchague maandishi yaanzie kushoto na kuachwa huru kulia. Tena, vitabu vingi vya Kiswahili hutengenezwa vikiwa na alama ya lugha ya Kiingereza ndani ya faili, basi kifaa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu. Utakuta neno limekatwa baada ya konsonanti, na jicho linajikwaa. Badilisha lugha ya kitabu iwe Kiswahili ndani ya Calibre kabla ya kukihamisha, au zima ukataji wa maneno pale kifaa kinaporuhusu. Anayependa herufi kubwa, mzazi wako mwenye umri kwa mfano, aongeze fedha kidogo achukue inchi 7.

Vitabu utavitoa wapi? Kindle, kifaa cha kampuni ya Amazon, imefungamana na duka la Amazon. Tangu 2022 huduma yake ya kutuma mafaili inapokea EPUB, na hilo lilisaidia sana. Lakini Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, na mimi kama mkutubi sikufurahia. Vifaa vya Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja, hata zile zenye kufuli la Adobe la kuzuia kunakiliwa. Ndugu zetu walioko Uingereza au Kanada wanaweza kuazima vitabu vya maktaba ya mtaa kupitia OverDrive, huduma ya maktaba ya kuazimisha vitabu vya kidijitali, ndani ya Kobo. Kwa Kindle, huduma hiyo iko Marekani tu. Na kama unanunua kwenye maduka yenye programu yake ya kusomea, mfano eKitabu ya Nairobi, tafuta kifaa kinachotumia Android, kama vile Onyx Boox.

Betri na hifadhi zisikuumize kichwa. Ahadi ya wiki 10 ya Kindle Paperwhite ya 2021 ilipimwa kwa nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa, yaani saa 35 kwa jumla. Anayesoma saa tatu kila usiku atafika siku 11 hivi. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki megabaiti 2, basi usilipie gigabaiti za ziada. Rangi nazo bado: kwenye vioo vya rangi vya aina ya Kaleido 3, ukali wa picha za rangi ni pikseli 150 kwa inchi, nusu ya maandishi meusi, na kioo chenyewe kina giza kidogo. Hadithi za watoto zenye picha wasomee kwenye kishikwambi. Kwa wa pwani, Paperwhite imepimwa kuhimili mita 2 za maji yasiyo ya chumvi kwa dakika 60, lakini maji ya bahari ni sentimita 25 kwa dakika 3 tu.

Ukinunua kilichotumika, muuzaji akiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, nawe ukisajili kwenye yako kabla ya kutoa fedha, kwa sababu Kindle iliyoripotiwa kuibiwa huzuiwa kusajiliwa. Geuza kurasa kadhaa ukitafuta mistari isiyofutika: nyuma ya wino mara nyingi mna kioo chembamba kinachopasuka kikibanwa ndani ya begi, na kukibadilisha hukaribia bei ya kifaa kipya. Pamoja na kifaa, nunua kava gumu siku hiyohiyo.