Maji Maangavu Si Lazima Yawe Safi: Dhana Potofu Kuhusu Maji ya Kobe Wakubwa

Kobe wa majini mwenye mabaka mekundu kandokando ya kichwa, ambaye asili yake ni bonde la Mto Mississippi na sasa anafugwa karibu kila pembe ya dunia, huuzwa akiwa anaenea kiganjani. Baada ya miaka michache jike wake huwa na gamba la sentimita 25, wengine hufika 30, na akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Mnyama huyu hula majini, hunya majini na hulala majini. Mzigo wote wa mwili wake unabebwa na maji yale yale, na kadiri anavyokua ndivyo ushauri wa juujuu alioanza nao mfugaji unavyozidi kuleta madhara. Mwingi wa ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Naueleza hapa kwa sababu wanaoteseka nao ni wanyama wasioweza kulalamika.

“Maji yanang’aa, kwa hiyo ni safi”

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine karibu zote. Kobe wa majini hutoa takamwili zake kama amonia na urea, na urea nayo huvunjwavunjwa na bakteria mpaka ikawa amonia. Chakula kinachozama na kuozea chini huongeza amonia zaidi. Amonia haina rangi. Tangi linaweza kuonekana kama maji ya chemchemi, huku aliye ndani yake anaunguzwa macho na ngozi.

Samaki katika maji ya namna hiyo wangeelea tumbo juu mapema, kwa kuwa wanapumua kwa matamvua yaliyomo ndani ya sumu yenyewe. Kobe ana mapafu. Hutoa pua nje, akavuta hewa, akarudi chini. Kwa hiyo huvumilia maji mabaya kwa wiki na miezi, na uvumilivu wake ndio unaomfanya mfugaji aamini kwamba hakuna tatizo. Dalili huja polepole: kope zilizovimba, ngozi yenye wekundu, madoa laini kwenye gamba yanayotoa harufu, kukataa chakula, au kukaa nchi kavu kutwa kucha kana kwamba anayakimbia maji. Macho yaliyovimba huweza pia kutokana na upungufu wa vitamini A, kwa hiyo mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa wanyama, asiishie kubadilishiwa maji tu.

Jicho halitoshi kuyahukumu maji. Tumia vipimo vya matone, vile vya kutia maji kwenye kichupa na kulinganisha rangi. Amonia iwe sifuri. Nitriti na nitrati ni kile amonia inachogeuzwa na bakteria: nitriti iwe sifuri, nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Pima na pH pia, yaani kiwango cha uasidi wa maji (ikipanda, uasidi unapungua), kwa sababu amonia ina sura mbili majini: moja haina madhara makubwa, nyingine ni kali. Kila pH inapopanda kwa nambari moja, sehemu ile kali huongezeka takriban mara kumi, na joto la maji huizidisha. Ndiyo maana kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuwa onyo katika tangi moja na dharura katika tangi jingine.

Kinyume chake nacho ni kweli. Maji yenye rangi ya chai kwa sababu ya gogo lililolowekwa hayamdhuru kobe. Maji ya kijani yanachukiza macho, lakini mwani wenyewe si sumu kwake. Unakuambia kwamba mwanga ni mwingi na nitrati imejaa, na hilo ndilo la kushughulikia.

“Mwaga maji yote, sugua kila kitu”

Hapa nasema kwa yaliyonikuta. Mwaka wa kwanza wa kufuga jike mkubwa, kila Jumamosi nilikuwa nafungua kichujio chote, naikamua sponji chini ya bomba mpaka maji yatoke meupe, nasugua mawe, nafuta vioo, kisha najaza upya. Jioni ile tangi lilipendeza. Ikifika Jumatano maji yalikuwa na ukungu mweupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na harufu ilikuwa imerudi. Mimi nikasugua zaidi. Nilipoanza kupima ndipo nilipoona amonia inapanda kila wiki baada ya usafi wangu.

Nilikuwa nawaua wafanyakazi wa tangi. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kobe huistahimili vizuri zaidi. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Huishi wameganda juu ya vitu: kwenye sponji, vipande vya kauri ndani ya kichujio, mawe na kuta za tangi. Katika tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga jamii ya kutosha, wakati mwingine zaidi. Klorini ya maji ya bomba imewekwa kuua bakteria, na haichagui. Kila Jumamosi nilikuwa narudisha tangi siku ya kwanza.

Ule ute wa kahawia unaoteleza kwenye sponji, ambao mkono unatamani kuuondoa wote, kwa sehemu kubwa ndio uhai wa tangi. Suuza sponji ndani ya ndoo uliyoijaza maji ya tangi lenyewe, kiasi cha kuondoa tope linalozuia maji kupita, kisha uirudishe. Kama kichujio kina trei kadhaa, safisha nusu leo na nusu nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Maji yenyewe badilisha robo hadi nusu kila wiki, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira wa kutolea maji. Siku ikilazimu kubadilisha maji mengi zaidi, badilisha, mradi kichujio usikiguse siku hiyo.

Kuhusu klorini, wengi wameambiwa waache maji kwenye ndoo usiku mmoja. Hilo husaidia ikiwa bomba lina klorini tupu, kwa kuwa hutoroka hewani yakiachwa wazi saa 24 hivi. Lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Tumia dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa wazi kwamba inashughulikia na kloramini.

Jambo moja husahaulika: bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Umeme ukikatika saa nyingi, walio ndani ya kichujio kilichofungwa huanza kufa na kuoza. Usikiwashe moja kwa moja ukamrudishia kobe supu hiyo. Kifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

“Kichujio kimeandikwa lita 400, na tangi langu ni la lita 400”

Namba ile imekadiriwa kwa samaki wadogo. Kobe mmoja mkubwa huchafua kuliko kundi lao zima, tena hurarua chakula vipande vipande na huambua magamba membamba yanayokwenda kuziba mdomo wa kichujio. Kwa kobe chukua kichujio kilichokadiriwa mara mbili au tatu ya maji uliyonayo. Wengi wenye kobe wakubwa huishia kwenye kile cha mtungi kinachokaa nje ya tangi, na naona wako sahihi: kina nafasi ya sponji nyingi, na kobe hafiki kukipindua.

Ila hata kichujio kikubwa kuliko vyote hakikuondolei kubadilisha maji. Kinageuza amonia kuwa nitrati, na nitrati inabaki majini, inalimbikizana. Wala kujazia yaliyopungua si kubadilisha. Kinachoruka kwa mvuke ni maji peke yake, uchafu unabaki. Mtu anayejazia miezi mitatu bila kutoa anaandaa maji mazito zaidi kila wiki.

“Maji machache ni rahisi kuyatunza”

Tufanye hesabu. Gramu moja ya amonia katika lita 100 ni miligramu 10 kwa kila lita. Gramu hiyo hiyo katika lita 400 ni miligramu 2.5. Kobe ni yule yule, chakula ni kile kile, lakini wa kwanza yuko katika maji makali mara nne. Maji machache huharibika haraka, hupoa na kupata joto haraka, na hayakupi muda wa kugundua kosa.

Kipimo wanachokitumia wafugaji wengi ni lita 40 hivi kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa gamba. Jike wa sentimita 25 anahitaji lita 400. Lita 400 ni kilo 400 kabla hujahesabu uzito wa kioo na mawe, na meza ya kawaida haiwezi. Ndiyo maana wengi huachana na kioo wakachukua hori la plastiki la kunyweshea mifugo na kuliweka sakafuni. Halipendezi kama kioo, lakini kobe ana nafasi ya kuogelea na maji yana nafasi ya kusamehe.

Wapo pia wanaoamini kobe hujipunguza kukua afae tangi dogo. Anayedumaa amedumazwa na mazingira mabaya, na hilo ni maradhi.

Wasaidizi wasiosaidia

Samaki wa kula uchafu? Hali kinyesi cha kobe, anaongeza chake, na mara nyingi yeye mwenyewe huliwa. Aina zenye mdomo wa kunyonya zimewahi kuonekana zikikwangua gamba la kobe. Mimea? Huchukua nitrati kidogo, lakini kobe mzima huila au huing’oa. Ukiitaka, iweke mahali asipofika, mizizi tu iwe majini. Changarawe huficha kinyesi mahali ambapo mpira haufiki, na kobe huimeza ikamzibia utumbo. Sakafu tupu au mawe makubwa kuliko kichwa chake ni bora. Mkaa wa kuchuja hupunguza harufu na rangi, lakini hauondoi amonia, na baada ya wiki chache huwa umejaa. Taa ya miali ya urujuanimno ndani ya kichujio huua mwani unaoelea, ila amonia na nitrati huziacha kama zilivyo.

Chumvi nayo husifiwa kama kinga ya kila kitu. Daktari anaweza kuiagiza kwa tatizo maalumu, kwa kipimo maalumu. Kuitia kila wiki katika maji ya mnyama wa maji baridi hakuna sababu. Kinachokinga gamba na ukungu na kuoza, pamoja na maji mazuri, ni jukwaa kavu chini ya taa yenye joto, ambapo kobe anapanda mzima na kukauka kabisa.

“Mlishe kwenye beseni, tangi halitachafuka”

Hii ni nusu kweli. Kobe wa majini hawezi kumeza vizuri nje ya maji, kwa hiyo lazima beseni liwe na maji, na likitumika, mabaki ya chakula hubaki humo. Lakini kinyesi hakifuati ratiba yako. Kobe mdogo unamhamisha kwa mkono mmoja. Kumwinua jike mzito mara kadhaa kwa wiki, akipiga makucha na kuogopa, ni jambo jingine, na wengine hukataa kula kwa hofu. Mimi niliacha.

Nilichokiona kinapunguza uchafu kwa kweli ni kiasi cha chakula. Kobe mzima hana haja ya chakula cha punje kila siku. Mara moja kila siku mbili au tatu inatosha, na siku nyingine majani ya mboga. Ataomba, atapiga kioo, atakufuata kwa macho, na kumkatalia kunauma, lakini kobe wengi wa kufugwa wananenepa kupita kiasi. Kisichoguswa ndani ya dakika 20 kitoe kwa wavu.

“Maji yakiwa safi, hakuna salmonela”

Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, utumboni bila yeye kuugua, na huitoa kwa vipindi. Vipimo vyako vyote vinaweza kuwa sifuri na bakteria hao wakawemo. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwashika na kuwatia mdomoni. Baadhi ya watu wakaelewa kwamba wakubwa ni salama. Wakubwa wanabeba vilevile, ila hawaingii mdomoni.

Kwa hiyo usianzishe mpira wa kunyonya kwa mdomo hata siku moja. Ujaze maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, au tumia wenye pampu ya mkono. Nawa kwa sabuni kila ukitoa mkono tangini. Maji machafu yana nitrati ambayo maua huipenda sana, lakini usiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi, wala usiyapitishe kwenye sinki la jikoni. Ndoo na sponji za kobe ziwe zake peke yake, ziwekwe alama, na watoto wa nyumbani waijue alama hiyo.