Mtoto wa selimundu akipauka ghafla, msisubiri juisi

Katika kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ninakofanya kazi, watoto ni wengi lakini habari ni moja. Jumamosi homa na mafua. Jumatatu mtoto amelegea. Alhamisi analetwa mgongoni, viganja vyeupe, anahema kama aliyekimbia, na kwenye mkoba wa mama kuna chupa ya rozela iliyobaki nusu.

Ni nini kinachompata?
Mara nyingi ni kirusi kiitwacho parvovairasi B19, kilichogunduliwa London mwaka 1975. Huenea kwa mate na makamasi, mtu akikohoa au kupiga chafya. Watoto wengi hukipata, wakapona bila hata wazazi kujua. Parvovairasi ya mbwa ni kirusi kingine, hakiambukizi binadamu.

Kinaifanyia nini damu?
Kinaingia kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako chembe nyekundu za damu hutengenezwa. Kinashambulia zile changa kabla hazijakomaa, kinazaliana humo na kuziua. Kwa siku 7 hadi 10 hivi, hakuna chembe nyekundu mpya inayotoka.

Mbona kaka yake aliugua mafua hayohayo na hakuishiwa damu?
Kwa sababu kaka yake hana selimundu. Chembe zake nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho ukilala wiki moja, akiba ipo. Chembe za selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Mtoto huyu anategemea damu inayotengenezwa kila siku. Ikikosekana wiki moja, aliyezoea hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 8 anaweza kushuka hadi 4 au chini yake ndani ya siku chache, na moyo ukazidiwa.

Nimpe kwanza juisi ya rozela au bitiruti, nione?
Hapana.

Hata siku mbili tu?
Hata siku moja. Juisi ni chakula kizuri, mpe akiwa mzima. Lakini uboho uliosimama hauamshwi na rozela, bitiruti wala maji ya tembele. Na ile siropu ya madini ya chuma ya duka la dawa usimpe bila vipimo: watoto wa selimundu walioongezewa damu mara nyingi huwa na madini hayo kupita kiasi.

Jirani alimpa mwanawe juisi akapona.
Uboho huamka wenyewe baada ya wiki hivi, juisi ikapewa sifa. Mama ambaye mtoto wake hakuifikia siku hiyo hapiti nyumba kwa nyumba kusifia rozela. Jamani, nimeshawapokea mama hao. Msisubiri.

Nitajuaje kwamba damu imeshuka?
Tazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Mtoto anahema haraka, moyo unadunda, analala tu, hataki kucheza wala kula. Wazazi wengi husubiri maumivu ya mifupa kwa kuwa ndiyo wanayoyajua. Hapa anaweza asilalamike maumivu yoyote. Akipauka, njooni siku hiyohiyo, usiku pia. Msimngoje baba arudi safari. Mpigieni simu mkiwa njiani.

Hospitali watafanya nini?
Watapima wingi wa damu na chembe changa nyekundu. Zikiwa karibu hazipo kabisa, tunajua uboho umesimama. Dawa ya kukiua kirusi hiki hatuna, wala chanjo. Kinachomvusha mtoto ni kuongezewa damu mpaka uboho uamke. Malaria na bandama kuvimba ghafla pia hushusha damu, nazo huwezi kuzitofautisha ukiwa nyumbani. Folik asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, aendelee nayo kama alivyoandikiwa.

Mimi ni mjamzito na ndiye ninayemuuguza.
Waambie kliniki ya wajawazito mapema. Kirusi kinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni na kumpunguzia damu.

Mdogo wake naye ana selimundu, ila anacheza vizuri tu.
Wanalala chumba kimoja, na kirusi huambukiza kabla dalili hazijaonekana sawasawa. Nimeona ndugu wawili wakilazwa ndani ya wiki moja. Njooni na wote wawili, na kadi zao za kliniki.