Kabla ya kuandika jina la mwenza, uliza nyumbani kukoje

Kopo la dawa za kufubaza VVU lina kelele. Ukiwa hujawahi kulificha huwezi kujua. Vidonge vinagonga plastiki kila unapopiga hatua, na kwenye daladala ya Mbalizi iliyojaa, abiria wa jirani anageuza shingo. Ndiyo maana wateja wetu wengi wakishatoka dirisha la dawa hupitia chooni kwanza. Wanamimina vidonge kwenye karatasi au soksi ya mtoto, kopo wanaliacha hukohuko.

Mama ninayetaka kumzungumzia leo alikuwa amevifunga kwenye pindo la kitenge. Alifungua fundo mbele yangu: vidonge tisa, vimeshika unyevu, viwili vimeanza kumeguka. Mambo kadhaa kumhusu nimeyabadilisha ili asitambulike, lakini lile fundo ni lake.

Aliletwa kwangu kwa sababu kipimo cha wingi wa virusi kilirudi kikiwa juu. Alikuwa ameshahudhuria vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi wa dawa, kama utaratibu unavyotaka. Nilisoma faili lake. Kikao cha kwanza: "Ameshauriwa kuweka alamu kwenye simu." Cha pili: "Amesisitiziwa kumeza dawa muda uleule kila siku." Cha tatu: "Mteja anasema amesahau." Nikamuuliza jambo ambalo halikuandikwa popote: ukimeza dawa jioni, nani anakuwepo nyumbani? Alikaa kimya, akaangalia mlango kama umefungwa vizuri, kisha akasema, "Dada, hiyo simu yenyewe anayo yeye." Mumewe aliichukua miezi mingi nyuma. Dawa zilizokuwa ndani ya nyumba alizimwaga shimo la choo. Hizi tisa ndizo zilizopona kwa kuwa siku ile alikuwa amezifunga kwenye nguo aliyovaa.

Vikao vitatu, na wote tuliokaa naye tulikuwa na vyeti vya ushauri nasaha. Tulikuwa tunamfundisha kukumbuka mtu ambaye hakuwa amesahau chochote.

Nimefanya kazi hii ya uuguzi na ushauri huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwa miaka mingi, nikisimamia wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuanzia barabara kuu ya Zambia hadi kata za ndani ambako bodaboda inafika kwa shida wakati wa mvua. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ilikuwa na 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Tukiambiwa takwimu hizi kwenye semina, mazungumzo hukimbilia malori, miji ya barabarani kama Tunduma na Makambako, nyumba za wageni na tohara. Ni kweli, yana sehemu yake. Ila kuna takwimu nyingine ya hapahapa kwetu ambayo sisikii ikisomwa. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake wa nchi mbalimbali kuhusu ukatili majumbani, matokeo yakatoka 2005, kwa Tanzania walichagua maeneo mawili: Dar es Salaam na Mbeya. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenza, waliosema wamewahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenza huyo walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam, na 56 Mbeya.

Takwimu zile za VVU na hizi za kipigo zinakaa nyumba moja. Ngono ya kulazimishwa huchubua, na penye mchubuko virusi hupita kirahisi. Anayeogopa kofi hawezi kusema neno kondomu. Mwanaume anayempiga mkewe mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye wapenzi wengine ambao mke haruhusiwi kuwauliza. Utafiti uliowafuatilia mabinti wa Eastern Cape, Afrika Kusini, na kuchapishwa 2010, ulionyesha kwamba waliokuwa wakifanyiwa ukatili na wenza wao walipata maambukizi mapya zaidi ya wenzao. Kwa hiyo ukatili unaleta VVU, na majibu ya VVU nayo yanaleta ukatili. Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu hapo mkono wetu sisi watoa huduma unahusika.

Nieleze. Utafiti uleule wa 2022 hadi 2023 unaonyesha kwamba watu wazima wenye VVU wanaojua hali zao ni kama asilimia 83. Waliokwishajua, karibu wote wako kwenye dawa. Pengo kubwa liko kwa wasiojua, na njia mojawapo ya kuwapata ni kuwafuata wenza wa mtu aliyegundulika. Mteja akipata majibu, mshauri anafungua fomu: umekuwa na wenza wangapi, majina yao, namba za simu, wanaishi wapi. Ni njia nzuri. Inapata watu ambao wasingekuja kupima hadi waugue. Siiongelei ili ifutwe.

Lakini fomu ile ina malengo nyuma yake. Kila mwisho wa wiki kuna ripoti: wateja wapya wangapi, wenza waliotajwa wangapi, waliofikiwa wangapi. Programu moja niliyofanyia kazi ilikuwa inapanga timu kwa namba hizo, ya kwanza hadi ya mwisho, na mimi nilikuwa msimamizi nisiyetaka timu yangu iwe ya mwisho. Yule mama wa kitenge alipimwa wakati huo. Alipoombwa namba ya mume alisita. Mhudumu wangu akamsisitiza kwa upole, kama nilivyokuwa nimemfundisha, akaambiwa ni kwa faida ya familia. Akatoa namba. Mume alipigiwa simu siku ya pili. Hakutajiwa chochote kuhusu mkewe, siri ilitunzwa kama mwongozo unavyosema, lakini nyumba yenye mke mmoja haihitaji kutajiwa jina. Alianza kupigwa jioni ileile. Nilikuja kuyajua hayo miaka miwili baadaye, siku ya fundo. Nilikuwa nimeweka vema kwenye kisanduku cha "mwenza amefikiwa."

Kwa hiyo ninachosema ni hiki, na nakisema kwa kila anayeshika fomu ile: swali la usalama linatangulia jina. Haliji baada ya jina, wala haliwi fomu nyingine ya chumba kingine siku nyingine. Mwongozo wenyewe unataka hivyo. Kwenye utekelezaji swali hili huulizwa haraka, mlango wazi, mume yuko benchi nje, na jibu linakuwa "hapana" kwa wote. Ukikuta rejista ambayo mwezi mzima hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema ndiyo, huku kwetu kwenye asilimia 56, ujue hakuna aliyeulizwa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko swali lenyewe. Ukimwambia mama wa Kihehe au wa Kinyakyusa, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?" atasema hapana, na hadanganyi. Kwake ukatili ni kitu cha polisi na magazeti. Kofi la mume analiita ugomvi wa ndani. Kulazimishwa usiku hana hata jina lake. Mimi humsalimia, kama ni mkubwa kwangu ninampa shikamoo yake, kisha nasema hivi: "Mama, kina mama wote ninaokaa nao hapa nawauliza mambo ya nyumbani, siyo wewe peke yako. Mzee akikasirika huwa anafanyaje?" Halafu nanyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa mshauri mwenye foleni ya watu 40 nje, lakini ndicho kinacholeta jibu. Baadaye ndipo nauliza moja moja: amewahi kukupiga, amewahi kukutishia, amewahi kukulazimisha mwili wako, na unadhani atafanya nini akijua majibu haya. Mtoto akiwa amefikia umri wa kusimulia, simuulizi mama mbele yake. Mtoto wa miaka mitatu atakwenda kumwambia baba yote.

Akisema ndiyo, sifungi faili wala simwambii "muache." Wengi hawana pa kwenda, shamba ni la ukoo wa mume. Tunaangalia njia. Mwenza anaweza kuitwa pamoja na kaya nyingine kwenye upimaji wa kijiji ili asijue chanzo. Inaweza kusubiri wiki kadhaa hadi mama apate pa kulala. Wanaweza kuja kupima wawili kana kwamba ndiyo mara yao ya kwanza, kama yeye mwenyewe ameona inafaa. Na inawezekana mwenza asifuatwe kabisa. Hilo la mwisho linawauma wasimamizi kwa sababu linapunguza namba. Sheria yetu ya VVU ya 2008 inamtaka aliyegundulika amjulishe mwenza wake, nami huwaeleza wateja hivyo. Ila nimeona mshauri akiitumia sheria hiyo kumtisha mama mwenye jicho lililovimba. Hapana. Mama huyo akimeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mtu kwa njia ya ngono. Njia ya kumlinda yule mwanaume inapitia usalama wa huyu mwanamke.

Kuhusu aliyebakwa, nitarudia hata kama mmechoka kusikia, kwa sababu bado tunachelewa. Dawa kinga ya VVU inaanzwa ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Saa 72 ni ukomo wa mwisho. Kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyokinga. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi hadi saa 120. Watu wetu wanajua PF3 ya polisi na hudhani bila karatasi hiyo aliyebakwa hawezi kutibiwa. Mhudumu wa jamii, ukipigiwa saa nne usiku kutoka kata ya mbali, mlete kituo cha afya kwanza. Fomu itajazwa, na Dawati la Jinsia na Watoto watafika au atapelekwa, lakini kidonge cha kwanza hakisubiri muhuri. Asioge. Nguo zifungwe kwenye bahasha kubwa ya kaki, siyo nailoni, maana kwenye nailoni zinaoza na ushahidi unapotea. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa sehemu moja, na mtu anasimulia mara moja badala ya mara nne. Aliyeumizwa akiwa mtoto, hapo hakuna cha kusubiri ridhaa ya familia. Toa taarifa, na simu 116 ipo.

Jambo linalonikasirisha ni kumalizana kifamilia. Wazee wanakaa, inatozwa faini, pombe inanywewa, binti anarudishwa. Nimekuta hata wahudumu wetu wameitwa kuwa mashahidi wa suluhu, kwa kuwa wanaheshimika kijijini. Mhudumu wa VVU hasuluhishi ukatili. Akishakaa kwenye kile kiti, hakuna mwanamke mwingine wa kijiji kile atakayemfungulia mdomo. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Nimeisoma mbele ya mikutano ya vijiji Mufindi na wazee wakashangaa kwamba ina umri kuwazidi watoto wao.

Wanaume tunawapata wapi? Siyo kliniki. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, tunakwenda vilabuni asubuhi, kabla vikombe havijazunguka sana, pamoja na wanaume wa Konga, umoja wa watu wanaoishi na VVU. Wakisema ni pombe inayowapigisha, huwa nauliza: ukilewa, mbona humpigi mwenyekiti wa kijiji? Wanacheka, halafu kuna mmoja anaacha kucheka. Kampala walifanya kazi ya namna hii ya mazungumzo ya mitaani kwa miaka kadhaa, wakapima, na wakakuta watu wanaoona ni halali mume kumpiga mke wamepungua. Haikuwa semina ya siku mbili. Programu zetu hupenda semina ya siku mbili.

Yule mama hakutaka kwenda polisi. Nilimweleza njia zote, akasema bado, nikaheshimu. Tuliyapanga tuliyoweza. Wifi yake, dada wa mume, anauza maharage soko la Mwanjelwa na anampenda kuliko kaka yake. Kopo linakaa kwake, ndani ya debe, juu ya vidonge limewekwa pamba lisipige kelele. Kila jioni mama anapita kama anayefuata mboga, anapewa kikombe cha chai, anameza, anaendelea na safari. Akichelewa kupita, wifi anatuma mtoto.

Kwenye fomu yake mpya, mstari wa mwenza nimeuacha wazi na pembeni nimeandika kwa kalamu ya risasi: isubiri. Msimamizi wa wilaya aliponiuliza kwa nini kuna mstari mtupu, nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Damu ya kupima wingi wa virusi tumemchukua tena Jumanne iliyopita. Majibu bado hayajarudi.