Transfoma nzito si hakikisho la umeme tulivu
Imeaminika kwa miaka mingi kwamba pawa saplai yenye transfoma nzito huondoa kelele zote kwenye amplifaya au redio. Sivyo. Umeme wa hezi 50 ukishapita kwenye daiodi nne zinazougeuza kuwa wa mwelekeo mmoja huacha mawimbi ya hezi 100, ambayo sikio huyapokea kama mvumo, na regyuleta (kidhibiti volteji) kama LM317 huyapunguza sana lakini haiyafuti kabisa; isitoshe, usumaku wa transfoma hiyohiyo hupenya kwenye nyaya za sauti zilizo karibu, kwa hiyo mahali inapofungwa ni jambo la kuangaliwa sana. Pawa saplai ya swichi, ambayo huwasha na kuzima umeme kwa kasi, kwa kawaida juu ya hezi 20,000, ikichujwa vyema huitosha amplifaya. Kwa redio ya masafa mafupi, hata hivyo, naipendelea ya transfoma, kwa kuwa kelele za swichi huweza kuingia kwenye masafa hayo.