Eti mwenye sukari asiguse sukari?
Huku kwetu Tanga, toka Ngamiani mpaka Chumbageni, utaambiwa mtu wa kisukari asiguse sukari hata chembe. Sasa kwa anayejidunga insulini hilo ni hatari, maana insulini ikishaingia inashusha tu sukari ya damu, haijui kama umekula au bado uko shamba unalima na njaa yako. Ukianza kutetemeka na jasho linakutoka, pima sukari, ikiwa chini ya 4 (mashine zingine zinasoma 70) kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari au nusu chupa ya soda, sio ile ya zero jamani, subiri dakika 15 upime tena, haijapanda rudia. Ikipanda, kula. Chokoleti inachelewa kuipandisha, ina mafuta. Aliyezimia msimnyweshe kitu, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.