Sita na tisa: tunavyopima usikivu wa watoto wa darasa la kwanza huku Mwanza

Watu wengi wakisikia tunaenda shule za msingi kupima usikivu wanadhani tunaenda kutafuta viziwi. Sio hivyo. Mtoto asiyesikia kabisa mara nyingi nyumbani wameshajua, bibi yake ameshajua, majirani wameshasema, hata kama hawajampeleka popote. Tunayemtafuta sisi ni yule anayesikia nusunusu, ukimwita yuko karibu anaitika, ukimwita kageuka upande wa pili kimya, anaongea, anacheza mpira, anatumwa dukani anarudi na chenji kamili, afu darasani anaonekana mzito au mjeuri. Huyo hakuna anayemshuku.

Mimi ni mtu wa audiolojia, kazi yangu ni kupima masikio na kujua yanasikia kiasi gani, na huku kwetu kuna kitu kinachomficha huyu mtoto vizuri sana, nacho ni lugha. Mtoto anatoka nyumbani wanakoongea Kisukuma, au Kikerewe, au Kijita, anaingia darasa la awali au la kwanza Kiswahili bado hakijakaa, mwalimu anamwambia leta daftari yeye anabaki anatazama. Mwalimu anasema ataelewa tu, Kiswahili kitakuja. Kwa wengi kweli kinakuja, miezi michache wanachangamka. Sasa yule mmoja kati yao ambaye tatizo lake ni sikio naye anasubiriwa hivyohivyo, mwaka unaisha, unakuja mwingine, anaambiwa hana akili. Ndo maana napenda kipimo chetu, kile kimlio cha kwenye hedifoni hakina Kisukuma wala Kiswahili, umekisikia au hujakisikia.

Ngoja nieleze kidogo kusikia nusunusu kukoje, maana wazazi huniambia mbona ananisikia nikimgombeza. Irabu kama a, o, u zina nguvu na ziko kwenye sauti za chini, yaani nzito kama besi, ila s, f, t, sh ni sauti hafifu na nyingi ziko juu, yaani nyembamba kama filimbi. Mtoto aliyepoteza sauti za juu anasikia kabisa kwamba mwalimu anaongea, anajua hata ametajwa yeye, ila maneno yanamfikia yametobokatoboka. Chukua sita na tisa. Irabu ni zilezile i na a, kinachotofautisha ni nafasi ya s na t basi, na ndo hizo hizo ambazo haziskii. Mwalimu akiwa anaandika ubaoni amewapa mgongo akasema "sita kutoa tatu", huyu mtoto anabahatisha. Nimeshika daftari la hesabu la mtoto wa hivi, maswali aliyonakili ubaoni amepata, ya kusomewa kwa mdomo amekosa karibu yote, na popote palipotakiwa sita kuna tisa au kinyume chake. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu "zingatia". Yule mtoto alikuwa anazingatia kuliko wenzake wote, alikuwa anatazama midomo.

Sasa kipimo chenyewe. Mtoto anakaa akiwa ametupa ubavu ili asione mkono wangu ukibonyeza, anavaa hedifoni, nyekundu sikio la kulia, ya bluu la kushoto, anapewa vifuniko vya soda na kopo, kila akisikia mlio hata kama ni mdogo anatupia kifuniko kimoja kwenye kopo. Tunaanza na mlio mkubwa ili aelewe mchezo, tukishaona ameelewa tunashuka mpaka desibeli 20 (desibeli ni ukubwa wa sauti) kama chumba kimetulia au 25 kama hakijatulia sana, tunapima herzi 1000, 2000 na 4000 (herzi zikiwa nyingi mlio ni mwembamba, zikiwa chache ni mzito), kila sikio peke yake. Kila sikio peke yake nasisitiza, kwa sababu mtoto mwenye sikio moja zima atakuitika vizuri tu ukimwita sebuleni, kwenye darasa lenye kelele ndo anapotea. Ukizoea sana utaona kuna watoto wanaotupa kifuniko kwa mapigo, wameshika mdundo wako, kwa hiyo lazima uwe unakaa kimya muda mrefu ghafla, usiwe na mpangilio. Kuna wengine wanasoma uso wa mwalimu aliyesimama mlangoni, namwomba mwalimu ageuke. Wasichana wanaovaa hijabu tunawapima pembeni na mwalimu wa kike anainua ushungi, hedifoni ikikaa juu ya kitambaa kipimo kinapungua ukweli.

Adui mkubwa ni kelele. Shule zetu nyingi ni bati bila dari, mvua ikianza ya Mwanza hii ya ghafla unafunga vifaa, hamna namna. Kuna mashine ya kusaga, kuna bodaboda, kuna darasa la pili wanaimba herufi upande wa pili wa ukuta. Kelele hizo za injini ziko kwenye sauti za chini na ndizo zinafunika mlio wa herzi 500, ndo maana huo hatuupimi shuleni. Asubuhi kabla mtoto yeyote hajaingia navaa hedifoni mimi mwenyewe, masikio yangu najua yakoje, kama siusikii ule mlio wa herzi 1000 kwa kiwango nitakachowapimia watoto basi hicho chumba hakifai hata kama mwalimu mkuu kanipa kwa moyo safi, tunahamia stoo, au kanisani jirani, popote palipo na ukimya. Nimeona timu zinapima kwenye baraza wakati wa mapumziko ili zimalize idadi. Hapo nusu ya shule itaonekana haisikii, wazazi watapata hofu bure, na ukirudi mara ya pili hawakuamini tena.

Na kabla ya hedifoni tunaangalia ndani ya sikio kwa otoskopu, kile kitochi chenye kikoni. Kuna wanaoruka hii hatua kuokoa muda, mimi sikubaliani nao kabisa. Kwa watoto wa umri huu mengi utayagundua kwa macho. Nta iliyoziba. Punje ya mahindi, shanga, kipande cha kifutio, harage. Harage usilimwagie maji jamani, wala usijaribu kulisafisha kwa bomba la sindano nyumbani, linavimba na linakaza, mlete kituoni kama lilivyo. Betri ndogo ya saa au ya midoli ikiingia sikioni au puani hiyo usisubiri kesho, inaunguza nyama ndani ya saa chache, nenda hospitali sasa hivi. Wakati mwingine ngoma ya sikio iko nzima ila nyuma yake kuna majimaji yametuama, sababu mrija unaounganisha sikio na koo kwa mtoto ni mfupi na umelala, mafua yakikaa na sikio nalo linajaa. Huyu leo anasikia vibaya na mwezi ujao anasikia vizuri, kwa hiyo mwalimu anaona kama anajifanyisha. Wengi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, tunamfuatilia na kumpima tena, asipopona ndo anaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Halafu usaha. Hapa ndipo ninapoumia zaidi kwa sababu linatibika na watu wamelizoea. Sikio linatoa usaha mwezi, miezi, mama anasema "hilo ni la kawaida, hata kaka yake alikuwa nalo". Usaha uliopita wiki mbili mara nyingi maana yake ngoma ina tundu na maambukizi yameshakuwa sugu, usikivu unashuka taratibu, na wachache maambukizi yanapanda mpaka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na hata ubongo. Upande wa ziwa, Igombe, Kayenze, visiwani huko, watoto wanaogelea tangu wadogo, na wazazi wanalaumu ziwa. Sikio zima maji ya kuogelea kwa kawaida hayalitoboi, ila lenye tundu kila akizamia maji yanaingia mpaka ndani na usaha unaanza upya, kwa hiyo huyo mtoto asiogelee mpaka lipone, na kuoga aoge kwa kulinda sikio.

Cha kufanya nyumbani ni rahisi, tunawaonesha wazazi palepale. Chukua kitambaa safi cha pamba au tishu nzito, kisokote kiwe kama utambi, kiingize taratibu kinyonye, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku angalau, ndipo udondoshe dawa aliyoandikiwa, mara nyingi matone ya siprofloksasini kwa siku 14. Dawa ikidondoshwa juu ya usaha haifiki popote. Unyoya wa kuku hapana, njiti ya kiberiti hapana, mafuta ya moto, kitunguu, maziwa ya mama, yote hapana. Na tafadhali usiende duka la dawa kuomba "ya masikio" ukapewa matone ya jentamaisini, ngoma ikiwa na tundu ile dawa inaweza kufika sikio la ndani na kuua usikivu ambao haurudi.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unatokana na mambo yanayozuilika. Usaha ni mmojawapo, mengine ni surua, rubela kwa mjamzito, homa ya uti wa mgongo. Ndo maana nikiwa shuleni nauliza na chanjo, ile ya surua na rubela ya pamoja Tanzania tumeanza nayo 2014 na bado nakutana na wadogo zao hawajamaliza dozi.

Mtoto akikosa mlio hata mmoja tu kati ya hiyo mitatu kwenye sikio lolote tunamrudia siku hiyohiyo, tunamvalisha upya hedifoni na kumpa maelekezo upya. Akikosa tena haandikwi "hasikii". Anaandikwa anahitaji kipimo kamili, na nawaomba walimu wasitangaze majina mstarini, wenzake watampa jina la utani ambalo atatoka nalo mpaka la sita.

Kazi yenyewe inaanza hapo, na hapo ndipo programu nyingi zinapofia. Karatasi ya rufaa peke yake haimfikishi mtoto hospitali ya Bugando wala ya Sekou Toure mjini Mwanza. Mtu wa Sengerema siku hizi anavuka daraja la Kigongo–Busisi, tangu 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, ila mama wa Ukerewe ana nauli ya majini kwenda na kurudi, ana chakula cha siku, ana samaki wake wanaomsubiri kuanikwa. Kwa hiyo tunachofanya sasa usaha na nta tunamaliza hukohuko na tabibu wa zahanati, wanaobaki tunawapangia siku moja waje pamoja na mwalimu wa afya wa shule, tukiwa na namba za simu za wazazi tulizochukua kabla ya kupima na sio baada.

Na wakati mtoto anasubiri, mwalimu amhamishe mbele, upande ambao sikio zuri linamwelekea yeye, amtazame akiongea, asiongee na ubao, imla asome akiwa amesimama sehemu moja. Hii haina bajeti, inaanza kesho asubuhi. Marudio ya kupima tunayaweka kabla ya likizo ya Juni, maana wakishatawanyika kwenda kwa bibi Magu na Misungwi huko kuwapata tena ni mpaka Julai, na kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyekwama kwenye kusoma hiyo miezi ni mingi.